Kingatiba na Ahadi Zake Mbili

Katika matangazo ya afya nchini Tanzania, neno kingatiba limezoeleka kiasi kwamba wasikilizaji wengi hulipokea bila kulitenganisha vipande vyake: wanafunzi wa shule za msingi watamezeshwa kingatiba ya minyoo ya tumbo na kichocho, wakazi wa wilaya fulani wanahimizwa kujitokeza kumeza kingatiba ya matende na mabusha, wagawa dawa wa jamii watapita nyumba kwa nyumba na kingatiba ya usubi. Kwa maana yake ya kitaalamu, kingatiba ni dawa inayotolewa kwa kundi zima la watu wanaoishi mahali ambapo ugonjwa umeenea, bila kumpima kwanza kila mmoja ili kujua kama ameambukizwa, na hutolewa kwa ratiba inayojirudia, aghalabu mara moja au mbili kwa mwaka. Anayemeza huenda ana minyoo mingi tumboni, huenda ana mmoja, huenda hana kabisa. Wote hupewa dawa ileile, na neno lilelile hutumika kwa wote. Ni neno changa likilinganishwa na maradhi linayoyahusu, na ndani yake limebeba ahadi ya kuponya na ahadi ya kuzuia, ahadi mbili ambazo hazitimizwi kwa njia moja wala kwa wakati mmoja.

Kiswahili kina maneno kadhaa ambatani yanayoanza na kinga, na uhusiano wa vipande vyake haulingani. Katika kingamimba, kinachofuata ni kile kinachozuiwa. Katika kingamwili, kinachofuata ni kile kinacholindwa. Kingatiba haifuati njia yoyote kati ya hizo, kwa kuwa tiba haizuiwi wala hailindwi. Maneno mawili yamewekwa bega kwa bega, moja la asili ya Kibantu na jingine lililotoka katika Kiarabu, na msikilizaji ameachiwa kazi ya kuamua kama linalotajwa ni tiba inayokinga au ni kinga inayopatikana kwa njia ya kutibu. Wahudumu wa kifua kikuu wameupanga mfuatano huo kinyume wakasema tiba kinga, kwa dawa anazopewa mtu ambaye vimelea vya ugonjwa vimelala mwilini mwake, ili visije vikaamka. Tofauti hiyo ya mpangilio huenda imetokea bila kukusudiwa, lakini inalingana na tofauti ya kweli: tiba kinga humlinda yule aliyeimeza, ilhali kingatiba ya minyoo, kama itakavyoonekana, humlinda aliyeimeza kwa muda mfupi tu, na ulinzi wake wa kudumu, pale unapopatikana, huwa ni wa mtaa mzima.

Kitenzi kukinga nacho kina pande mbili ambazo mzungumzaji wa kila siku hazichanganyi. Mtu hukinga jua kwa mwavuli, yaani hulizuia lisimfikie, na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo, yaani huyapokea yasimwagike bure. Mtoto aliyefika mbele ya meza ya dawa hukinga kiganja ili adondoshewe kidonge, na ni kwa kitendo hicho cha kupokea ndipo anapotarajiwa kuzuia.

Nje ya matangazo, watu hawasemi kingatiba. Husema dawa ya minyoo, na vitenzi vinavyoandamana na maneno hayo ndivyo vinavyobeba fikra zao juu ya kile kinachotokea tumboni. Kuna kuua minyoo, kuna kutoa minyoo, kuna kufukuza minyoo, na wapo wanaosema kutuliza. Anayesema kuua huwaza adui; anayesema kutoa au kufukuza huwaza mgeni aliyezidisha kukaa; anayesema kutuliza huwaza kitu ambacho kina haki ya kuwamo lakini kimechafuka. Wazo hili la mwisho si la kupuuzwa. Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler, katika utafiti alioufanya miaka ya 1990 miongoni mwa Waluo wa magharibi mwa Kenya, alionyesha kwamba kwa wazee wengi minyoo ilihesabiwa kuwa sehemu ya mwili, yenye kazi yake katika kusaga chakula, na kwamba maumivu ya tumbo yalikuwa ishara ya minyoo kusumbuliwa kuliko ishara ya minyoo kuwapo. Mtu mwenye mtazamo huo akiambiwa kwamba minyoo yote lazima iuawe, hata ya mtoto asiyelalamika, haelewi kwa nini kinachomsaidia kiangamizwe, na akikataa, kukataa kwake hakutokani na ujinga, bali na elimu nyingine ya mwili ambayo ina mantiki yake na maneno yake.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi alama za elimu kama hiyo. Neno chango hutumika kwa utumbo mwembamba, hutumika pia kwa minyoo ya tumboni, na hutumika tena kwa maumivu ya tumbo, hasa yale yanayowapata wanawake. Mnyoo, mahali unapoishi na uchungu unaosikika hapo vyote vimekaa ndani ya neno moja, kama kwamba aliyelitumia hakuona sababu ya kuvitenga. Safura, ambalo leo ni jina la ugonjwa unaosababishwa na minyoo midogo inayong'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu, ni neno la asili ya Kiarabu linalohusiana na nyongo na rangi ya manjano, na kwa hiyo linataja sura ya mgonjwa aliyepauka, wala halisemi lolote juu ya mnyoo. Tegu, kwa upande wake, lina mnyoo wake maalumu, ule bapa na mrefu unaotokana na kula nyama isiyoiva vizuri. Mzungumzaji wa zamani alikuwa na jina la kila kilichoonekana: mnyoo uliotoka, macho yaliyopauka, tumbo lililovimba, mkojo wenye damu. Ambalo hakuwa nalo ni jina la kumtibu mtu ambaye hana chochote kinachoonekana, na hapo ndipo kingatiba ilipokuja kujaza pengo.

Inastaajabisha kwamba vitenzi vile vya mtaani vinakaribiana sana na namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Piperazini, iliyotumika kwa miongo mingi dhidi ya minyoo mviringo, haikuua: ililegeza misuli ya mnyoo hadi ukashindwa kujishikilia, kisha mwendo wa kawaida wa utumbo ukausukuma nje ukiwa bado hai, na kwa dawa hiyo aliyesema kufukuza alikuwa amesema sawasawa na mfamasia. Albendazoli na mebendazoli, ambazo ndizo zinazogawiwa shuleni leo, huvuruga nyuzi nyembamba zinazojenga seli za mnyoo na kuuzuia usifyonze sukari, ukafa polepole kwa njaa kwa siku kadhaa. Hizo zinastahili kitenzi kuua. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huyakaza ghafla maungo ya mnyoo na kuharibu ngozi yake ya nje, ile inayouficha usitambuliwe na mwili wa binadamu, na baada ya kuvuliwa ngozi hiyo mnyoo hushambuliwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Katika dawa hii ya tatu, tiba inahitaji kinga ya mwili ili ikamilike, na neno kingatiba linapata maana ambayo walioliunda pengine hawakuifikiria.

Dawa hizi zimekuja baada ya nyingine kali zaidi. Katika miaka ya 1920 safura ilitibiwa sehemu nyingi za dunia kwa mafuta ya chenopodiamu na kwa kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho leo kinajulikana kuwa sumu ya ini, na kipimo kilichouondoa mnyoo hakikuwa mbali na kipimo kilichomdhuru mtu. Kwa dawa za aina hiyo isingewezekana kuwaza kumpa kila mtoto bila kumpima. Kilichoruhusu fikra ya kingatiba kuzaliwa ni usalama wa dawa zilizopatikana kuanzia miaka ya 1970, yaani uwezekano wa kumpa asiye mgonjwa bila kumtia hatarini. Na kilichoruhusu fikra hiyo kuenea ni kwamba watengenezaji walikubali kuzitoa bure, kuanzia ivermektini ya usubi mwaka 1987, kisha albendazoli, kisha prazikwanteli. Mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule wanaoishi katika maeneo yenye maambukizi, na tangu hapo shule ya msingi imekuwa zahanati ya siku moja kwa mwaka.

Siku hiyo, katika shule iliyo ndani ya eneo la kichocho, kifaa kinachotazamwa kwanza ni fimbo ndefu iliyochorwa mistari. Prazikwanteli hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na mizani ya kupima mamia ya watoto haipatikani kila mahali. Kwa sababu hiyo kimo kimefanywa kiwe badala ya uzito. Mtoto huvua viatu, husimama akiwa ameipa fimbo mgongo, visigino vikiigusa, na mwalimu husoma mstari unaolingana na utosi wake. Kuanzia sentimita 94 hadi 110 ni kidonge 1, kutoka hapo hadi 125 ni kimoja na nusu, hadi 138 ni viwili, hadi 150 ni viwili na nusu, hadi 160 ni vitatu, hadi 178 ni vinne, na aliyezidi hapo hupewa vitano. Kidonge chenyewe ni kikubwa, kina miligramu 600, kina mikato ya kukivunjia, na ni kichungu kiasi kwamba mtoto akikiacha kiyeyuke ulimini hukitema. Ndiyo maana inasisitizwa kwamba watoto wale kwanza, uji au chochote kizito, kwani prazikwanteli ikiingia katika tumbo tupu huleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu, na maumivu huwa makali zaidi kwa yule mwenye minyoo mingi. Albendazoli haina mashaka hayo: kidonge kimoja cha miligramu 400, cha kutafuna, kwa mdogo na kwa mkubwa.

Fimbo hiyo ina mstari wa chini kabisa, na aliye mfupi kuliko mstari huo hakupewa kitu. Kwa miaka mingi mtoto wa miaka miwili au mitatu anayeogeshwa katika kijito kilekile anachooga kaka yake, na anayepata kichocho kama kaka yake, aliachwa nje ya hesabu kwa sababu hapakuwa na kidonge kinachomfaa. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya umri huo, vidonge vidogo vinavyoyeyushwa katika maji na visivyo na uchungu uleule, ilifanyiwa majaribio Kenya na Côte d'Ivoire na ikapata maoni ya kuidhinishwa kutoka kwa wakala wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno linalodai kukinga lilikaa muda mrefu hivyo bila kuwahusu walio wadogo kuliko wote.

Swali gumu linaanza baada ya kumeza. Katika Kiswahili cha kliniki, kinga ni neno la chanjo: mtoto aliyechanjwa surua ana kinga ya surua, na mzazi ameelewa hivyo kwa vizazi viwili au vitatu. Kingatiba haina kinga ya namna hiyo. Albendazoli hukaa mwilini kwa muda mfupi, huua inayoikuta, kisha huondoka, na mtoto anayekwenda pekupeku kesho yake kwenye udongo uleule anaweza kuambukizwa upya kupitia ngozi ya nyayo. Mnyoo mviringo wa kike hutaga mayai yanayokadiriwa kufikia 200,000 kwa siku, na mayai hayo huweza kudumu katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa miaka. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miezi 12 baada ya dawa, maambukizi ya minyoo mviringo yalikuwa yamerejea kufikia takriban asilimia 94 ya kiwango cha awali, ya minyoo mjeledi asilimia 82, na ya safura asilimia 57. Prazikwanteli nayo ina udhaifu wake: huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, lakini ile iliyoingia mwilini wiki chache tu kabla ya siku ya dawa hupona na kuendelea kukua. Na si kila mnyoo huisikia dawa kwa kiasi kimoja, kwa sababu dozi moja ya albendazoli huwaponya zaidi ya 9 kati ya kila watu 10 wenye minyoo mviringo, lakini kwa minyoo mjeledi, ile inayochimbia kichwa chake chembamba katika ukuta wa utumbo mpana, hupona takriban 3 tu kati ya 10.

Basi kinga ipo wapi? Jibu la kwanza ni kwamba kinachozuiwa ni madhara. Mtu mwenye minyoo michache ya safura hupoteza damu kidogo ambayo mwili wake huirudisha. Mwenye mamia hupungukiwa damu, na akiwa mtoto hudumaa, akiwa mjamzito huhatarisha uhai wake na wa mtoto wake. Kumeza kila mwaka hushusha idadi ya minyoo na kuizuia isifike kiwango cha kuumiza, na ndiyo sababu lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2030 halizungumzii kutokomea kwa minyoo ya udongo, bali linataka wenye maambukizi ya wastani na makali wawe chini ya asilimia 2. Hiyo ni kinga ya kweli na ina thamani kubwa. Lakini haifanani na ile anayoiwaza mzazi anaposikia neno kinga, na tofauti hii isipoelezwa, mtoto akitoa mnyoo miezi 6 baada ya kumeza, mzazi atahitimisha kwamba dawa ni ya bandia.

Ukosefu wa maelezo umewahi kuleta mabaya zaidi ya kukata tamaa. Mwaka 2008, katika Manispaa ya Morogoro, umezeshaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni ulikatizwa baada ya watoto kuugua, uvumi kuenea kwamba wamepewa sumu, na wazazi kufurika shuleni kwa ghadhabu hadi kukazuka vurugu. Madhara yenyewe, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, yalikuwa yale yale yanayotajwa katika mwongozo wa dawa, na ambayo chakula kabla ya kumeza hupunguza. Wazazi hao hawakuwa wamekataa tiba. Walikuwa wameona watoto waliotoka nyumbani wakiwa wazima wakirudi wagonjwa kutoka shuleni, na hakuna aliyekuwa amewaeleza kwa lugha inayoeleweka kwa nini mtoto aliye mzima apewe dawa. Kwa mzazi, anayepewa dawa ni mgonjwa, na dawa apewayo asiye mgonjwa ni jambo la kuulizia. Neno kingatiba halijibu swali hilo kwa kutamkwa tu. Linahitaji mtu wa kulifungua mbele ya wazazi siku kadhaa kabla ya fimbo kusimikwa, naye awe tayari kusema wazi kwamba baadhi ya watoto watatapika na kwa nini.

Jibu la pili juu ya mahali kinga ilipo ndilo lenye uzito zaidi, na limesomeka vizuri katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 za msingi ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa dawa za minyoo, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, walipochapisha matokeo mwaka 2004, walieleza kwamba utoro ulipungua kwa angalau robo katika shule zilizopata dawa. Kilichovuta macho ni kwamba nafuu ilionekana pia kwa watoto wa shule hizohizo ambao hawakumeza, na kwa shule jirani. Maelezo yake si fumbo: mtoto ambaye tumbo lake halina minyoo hamwagi mayai kwenye nyasi za nyuma ya darasa, na mwenzake anayepita hapo pekupeku hupata udongo uliopungua hatari. Mmoja ametibiwa, mwingine amekingwa. Vipande viwili vya neno vimegawanyika katika miili miwili.

Matokeo hayo yalizua mjadala mkali. Watafiti wa London waliorudia hesabu mwaka 2015 walikuta makosa, na nafuu ya shule zilizo mbali ilififia, ingawa waandishi wa awali walishikilia kwamba msingi wa hoja umebaki imara. Mapitio mapana ya tafiti za nchi nyingi nayo yamesema kwamba dawa inayogawiwa kwa wote, kwa wastani, haionyeshi mabadiliko makubwa ya uzito au ya masomo. Kwa upande mwingine, wanafunzi wale wa Busia walipofuatiliwa hadi miaka 20 baadaye, waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikutwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13. Mjadala huo ni wa haki na haujaisha, na wastani wa nchi nyingi huenda ukaficha unafuu mkubwa wa mahali penye minyoo mingi. Lakini katika Busia hiyohiyo palifanyika jambo dogo lisilotajwa mara nyingi, ambalo linafundisha zaidi juu ya maana ya kingatiba: katika baadhi ya shule wazazi waliombwa wachangie kiasi kidogo cha fedha, na waliomeza wakashuka kutoka takriban asilimia 75 hadi 18. Mzazi aliyekokotoa faida ya mtoto wake peke yake hakukosea hesabu. Sehemu kubwa ya anacholipia inakwenda kwa jirani, na hakuna anayezoea kununua kidonge kwa ajili ya tumbo la mtoto wa jirani. Kwa hiyo dawa ya minyoo inauzwa vizuri dukani kama tiba, lakini kama kinga haiwezi kuuzwa, inapaswa kutolewa.

Wafugaji walilijua jambo hili la kundi kabla ya wizara za afya. Kwenye boma, anayenywesha mbuzi dawa ya minyoo hunywesha kundi, wala hasubiri kila mnyama akohoe au aharishe, na hupanga siku zake kwa kufuata mvua, kwa sababu kwenye majani mabichi ndipo viluwiluwi vya minyoo hupanda na kuliwa. Wamasai wana gome la mti wa olmukutan, ambao jina lake la kisayansi, Albizia anthelmintica, lina maana ya mpinga minyoo, na huchemsha gome hilo kwa ajili ya mifugo na kwa ajili yao wenyewe. Deni la binadamu kwa mifugo katika tiba hii ni kubwa, kwani ivermektini na albendazoli zilianza kwa wanyama, na hivi karibuni tu, kisiwani Pemba, emodepsidi iliyokuwa dawa ya paka na mbwa ilijaribiwa kwa watu wenye minyoo mjeledi na safura, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yakatia moyo.

Mifugo pia ndiyo iliyotangulia kuonyesha hatari. Pale kundi zima liliponyweshwa dawa za jamii moja mara kwa mara, minyoo michache iliyostahimili ndiyo iliyobaki kuzaa, na leo kondoo na mbuzi wa sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwamo, wana minyoo isiyokufa kwa dawa za jamii ya albendazoli. Ndipo wataalamu wa mifugo waliporudi kumtazama mnyama mmoja mmoja: mfugaji humshika mbuzi kichwa, kwa kidole gumba hulishusha kope la chini, na kulinganisha rangi ya nyama ya ndani na kadi yenye madaraja matano, kutoka nyekundu hadi nyeupe. Mwekundu huachwa bila dawa kwa makusudi, ili minyoo yake ambayo bado inakufa kwa dawa iendelee kuchanganyika na ile sugu. Hapo kutotibu ndiko kunakoilinda dawa. Afya ya binadamu haijafika huko, na kumnyima mtoto dawa ili kuilinda dawa ni jambo ambalo haifai hata kupendekezwa. Lakini kutegemea dawa za jamii moja mwaka baada ya mwaka, kwa mamilioni ya watoto, bila kuchunguza mara kwa mara kama bado zinaua, ni uzembe ambao hauwezi kutetewa kwa wingi wa vidonge vilivyogawiwa.

Nchi zilizoachana na minyoo ya udongo hazikuifikia hatua hiyo kwa kidonge pekee. Korea Kusini ilitunga sheria ya kuzuia maradhi ya vimelea mwaka 1966, na uchunguzi wa taifa wa 1971 ulikuta asilimia 84.3 ya waliopimwa wana mayai ya minyoo. Kufikia 1997 ilikuwa asilimia 2.4. Watoto wa shule walipimwa kinyesi na kutibiwa mara mbili kwa mwaka, na wakati huohuo vyoo vikabadilika na kinyesi cha binadamu kikaacha kutumika kama mbolea mashambani. Tiba ilishusha idadi ya minyoo iliyomo matumboni, choo kikazuia mayai yasirudi, na nusu ya pili ya neno ikatimia kwa kazi ya fundi wa mashimo na mabomba.

Kwa matende hali ni tofauti, na ni ajabu kwamba neno moja linatumika kwa magonjwa yote mawili bila tofauti hiyo kutajwa. Minyoo ya matende haina hifadhi katika udongo. Vitoto vyake huzunguka katika damu ya mtu, vikanyonywa na mbu, vikapelekwa kwa mtu mwingine. Ivermektini na albendazoli zikimezwa pamoja na watu wa kutosha, angalau asilimia 65 ya wakazi wote, kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano, mbu hukosa cha kunyonya hadi minyoo mikubwa iliyobaki inazeeka na kufa. Hapa kinga inaweza kukamilika, na kumeza kukakoma. Zanzibar ilianza umezeshaji huo katika visiwa vyote mwaka 2001, ikausimamisha, kisha ikalazimika kuurejesha baada ya maambukizi kukutwa bado yapo. Wilaya nyingi za Tanzania Bara zimekwisha kusimamisha. Uamuzi wa kusimamisha hufanywa kwa kuwapima damu watoto wa miaka 6 na 7, kwa kuwa hao walizaliwa wakati umezeshaji ukiendelea, na kama hawana alama ya mnyoo, basi mbu wa mtaa wao hawakuwa na cha kuwapa. Mtu mzima aliyemeza anaweza kuonyesha tiba tu. Kinga huonekana kwa mtoto ambaye hakuwahi kuwa na cha kutibiwa.

Kwa minyoo ya tumbo, takwimu inayotangazwa kila baada ya zoezi ni asilimia ya waliomeza, nayo ni hesabu ya tiba. Hesabu ya kinga ingechukuliwa kwingine, katika kinyesi cha watoto wanaoingia darasa la kwanza kila Januari, kabla hawajasimamishwa kwenye fimbo kwa mara ya kwanza: wana minyoo mingapi wakilinganishwa na walioingia mwaka uliotangulia, na katika mitaa gani idadi hiyo imekataa kushuka ijapokuwa dada na kaka zao wamemeza kila mwaka.